Dada, Nyumba Yako Imekuwa Dago

Dada yangu Mwanaesha,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia, nasi tulio nyuma yako Mungu atupe subira. Natoka kaburini kwako. Nimekusomea nilichojaliwa, nimeng'oa majani yaliyoanza kuota upande wa miguu, kisha nimerudi nyumbani kwa Zaliha na kukaa kwenye kile kiti chako cha dirishani. Zaliha ameniona na karatasi akaniuliza ninamwandikia nani. Nikamwambia nakuandikia wewe. Mke wangu unaujua ulimi wake, lakini leo hakunicheka. Amesema tu, "Msalimie. Mwambie mkeka wake nimeuanika juani."

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyogombania maandazi utotoni kule Unguja, na ndiyo tuliyobaki nayo wawili baada ya mama kufa. Kingazija tulikuja kukisema vizuri ukubwani, na watu wa Moroni hawakuacha kutukumbusha. Sokoni walikuwa wakikusikia tu wananong'onezana, "Mzanzibari huyo," nawe unawapandishia Kiswahili makusudi mpaka wenyewe wanachoka na bei inashuka. Lakini ipo sababu nyingine. Jambo ninalotaka kukueleza limekaa ndani ya neno moja, na neno hilo halifunguki bila Kiswahili chetu. Unaujua ugonjwa wangu wa ualimu, siwezi kuliacha neno mpaka nimelieleza. Ulikuwa ukiniambia, "Mwalimu, fupisha, wali unapoa." Leo nivumilie. Wali haupo, na mimi sina mwingine wa kumweleza.

Kwanza habari kubwa, usije ukakaa na wasiwasi: Hidaya hakuhamia Mvouni.

Ulimwacha mwanao katika hali ngumu, ingawa hakukuambia yote kwa ajili ya maradhi yako. Alikuwa na mimba changa, na mumewe hakuwa na pa kulala. Mtu wa nchi nyingine angeshangaa, maana nyumba yenyewe si ndogo. Mimi na marehemu kaka tuliijenga kwa mawe katika kiwanja cha mama, kama inavyowapasa ndugu wanaume wa Ngazija kumjengea dada yao. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mama humwachia binti, na mume ndiye anayehamia. Nakueleza unayoyajua, nisamehe, mkono umezoea ubao. Lakini mume wa Hidaya angehamia wapi? Sebule ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Chumba cha pili kilijaa masanduku hadi dirishani. Wewe na Hidaya mlikuwa mkilala katika kile chumba kidogo cha uani, karibu na jiko, miguu ya mmoja kichwani kwa mwenzake. Kijana wa watu alikuwa akishuka kutoka Mvouni anakosomesha, anafika jioni kama mgeni, anakaa barazani, anakunywa chai, kisha anakwenda kulala kwa mama yake. Majirani walianza kuulizana kama yule ni mume au bado ni mchumba.

Siku ya arubaini yako Hidaya alinivuta pembeni akaniambia amepata vyumba viwili vya kupanga Mvouni. Binti wa Kingazija akapange kwa watu, na nyumba ya mama yake imesimama! Nilimuuliza, "Mwanangu, nani amekufukuza?" Akanijibu bila kulia, "Hakuna, mjomba. Ila vyombo vina nyumba, mimi sina."

Kwa ajili ya neno hilo nilichelewa Moroni mpaka Zaliha akaniletea salamu kwamba ameisahau sura yangu. Niliona kuwa mtoto akishaondoka hatarudi, na nyumba tuliyokujengea itabaki ghala lenye jina lako.

Sikulaumu, dada. Nataka ulisikie hilo kabla sijafika kwenye vyombo. Najua vilikotoka.

Siku tulipoondoka Unguja, katika misukosuko ile, tuliambiwa tuchukue kinachobebeka. Mama aliacha kabati la msaji alilopewa na bibi. Aliacha saa ya ukutani na vikombe vya kahawa vilivyotoka Maskati. Akabeba mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma. Sote tulimcheka, pamoja na hofu tuliyokuwa nayo. Naye akasema, "Chekeni. Huko tuendako nazi zipo. Mtakuna kwa meno?" Wewe peke yako hukucheka. Ulikuwa na Hidaya mgongoni. Uligeuka ukaitazama nyumba iliyoachwa wazi milango yote, na nilikusikia ukisema kwa sauti ya chini, "Yangu haitakuwa tupu."

Nilidhani ni uchungu wa siku ile. Kumbe ilikuwa nadhiri.

Tulipokuwa bado tunapaka chokaa kuta za Moroni, wewe ulikwishaleta kabati la kwanza. Kila kitu kilikuwa ni cha ndoa kubwa ya Hidaya, ada ya Ngazija ifanywayo hata miaka baada ya nikaha, siku ambayo mji mzima utaingia sebuleni na kuhesabu kwa macho. Ukaja utawala wa vijana, ada ikapigwa marufuku, na vijana wakawa wanazunguka kutazama nani bado ana mambo ya kikale. Ukazishusha sahani zako ndani ya birika la maji ya mvua lililokuwa limekauka. Huko Ngazija hatuna mito kama hawa wa Nzwani, birika ndiyo roho ya nyumba, na wewe ulilikosesha maji msimu mzima ili sahani zisionekane. Mlikunywa maji ya jirani. Kisha wakashuka pwani wale wazungu wa kukodiwa na bunduki zao, utawala ukageuka, na miongoni mwa vilivyorudi pamoja nao ni ada. Sitasema zaidi juu yao. Naandika dirishani, na dirisha langu liko njiani.

Ukazitoa sahani birikani, ukaziosha, na tangu hapo hukusimama. Aliyekwenda Ufaransa alirudi na kitu chako. Aliyekwenda Bukini, Madagaska, alirudi na kitu chako. Vitanda vilivyopandana, viti vya kitambaa vilivyovishwa nailoni, chupa za chai zenye karatasi zake bado, mabeseni ndani ya mabeseni, na lile friji ambalo halikuwahi kutiwa umeme na ndani yake umepanga mashuka. Nami kila nilipokuja kutoka huku Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, ulinifungulia sebule kidogo, nitie kichwa tu. Ulikuwa ukisimama pale mlangoni na kifua chako kinapiga mluzi kwa vumbi, na uso wako una furaha ambayo sikuwa na moyo wa kuivunja.

Sasa lile neno.

Ulipokuja kwetu kwa ajili ya kifua, Zaliha alikupokea mlangoni kwa Kinzwani chake akakuambia karibu dagoni. Nawe ulisimama kizingitini ukacheka mpaka ukashikwa na kikohozi. "Dago! Mwalimu, umenileta kwa wavuvi?" Zaliha alikasirika. Alidhani unaitukana nyumba ya mama yake. Ikabidi nikae katikati yenu nieleze, na unakumbuka nilivyoeleza, mpaka chai ikapoa. Kwetu Unguja dago ni kambi ya wavuvi. Wanakwenda ufuko wa mbali, wanasimamisha vibanda vya makuti, wanakaa mwezi au miwili, samaki wakihama nao wanavunja, wanaondoka. Kwa watu wa Nzwani dago ni nyumbani, pale mtu alipozaliwa na atakaposomewa. Neno moja, na bahari katikati. Zaliha akasema, "Basi nyinyi wa Unguja mmelipoteza neno zuri." Wewe ukamjibu, "Au nyinyi mmelikalia muda mrefu."

Chumba tulichokupa kilikuwa na kitanda, mkeka wako, na msumari wa kutundikia buibui. Nilikuonea haya, nikasema nitakutafutia kabati. Ukakataa. Baada ya siku chache Zaliha aliniambia kuwa unalala. Nikamuuliza analala vipi. "Analala, babu wee, nimesimama hapo mlangoni nasikiliza, hapigi mluzi."

Alasiri moja ulikuwa umekaa hapa hapa nilipokaa mimi, unatazama watoto wakishuka ngazi za uchochoro na ndoo zao. Ukaniuliza, "Mwalimu, mvuvi wa dago hubeba nini?" Nikakutajia: chungu, mkeka, kisu, chumvi. Ukauliza, "Na hulala usingizi?" Nikasema hulala fofofo. Ukawafuata watoto kwa macho mpaka mwisho wa ngazi. Kisha ukasema, "Mama alikwenda dago, nyinyi mkamcheka, na mimi sikumwelewa." Nilidhani ni mazungumzo ya mgonjwa. Nikakuletea dawa.

Ulipozidiwa tukakupeleka hospitali kule Hombo. Unajua kwamba sikuwa kando yako mwishoni. Nilikuwa nimetoka kuswali, na niliporudi muuguzi, mama wa hapa hapa Mutsamudu, alikuwa amekwisha kukufunika. Alinishika mkono akaniambia, "Baba, dada yako alisema kitu. Kasema nyumba yake ya Moroni muifanye dago." Nikamuuliza kama ulisema zaidi. Akasema hapana, ulisema hilo tu, na ulisema ukitabasamu.

Tukakuzika hapa, kabla ya magharibi. Hidaya hakuwahi. Siku ile hapakuwa na ndege wala chombo. Hili bado linamuuma, na linaniuma.

Nilikwenda Moroni na neno lako mdomoni, nikalifikisha kama nilivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Na hapo ndipo Fatuma wetu wa Vouvouni aliposimama. Unamjua Fatuma. Binti wa mama mdogo, ndugu yetu wa damu, na akikupenda hukupenda kwa kelele. Fatuma amewahi kukaa na watu wa Nzwani, neno dago analijua kwa maana yao. Akapiga kofi mbele ya wanawake wote waliokuja matangani: "Mmesikia? Dago! Nyumba ibaki nyumba. Asiguse mtu hata kijiko mpaka ada ya mtoto."

Nikaanza kueleza habari za wavuvi. Kumbe nimeokota kaa la moto. "Kaka Mwalimu, Kiswahili chenu cha Unguja kilizikwa huko huko. Mmemzika dada ugenini, sasa mnataka kuizika na nyumba yake? Nyumba ya mwanamke wa Ngazija haiachwi uchi!" Nikasema mimi ni mjomba wa Hidaya, neno langu lina uzito. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Ndani ya nyumba hii ndiyo, kaka. Ukitoka nje ya mlango huu wewe ni mtoto wa mji."

Wanawake waliinama kuficha vicheko. Alisema kweli. Mimi nilioa Mutsamudu, sikufanya ndoa kubwa Moroni, na kwa hesabu ya mji wetu mwanamume asiyefanya ada ni mtoto hata ndevu zikiwa nyeupe. Kwenye bangwe, pale wazee wanapokaa, mimi sina sauti. Nimesomesha watoto wa watu ambao sasa wanakaa mbele yangu. Halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kumwona Hidaya nyuma ya mlango, mkono tumboni, anasikiliza watu wakigombania maana ya neno ambalo maisha yake yananing'inia juu yake.

Tulibishana siku nyingi, dada. Nilieleza kwa upole, nikaeleza kwa ukali, nikachora ramani ya Unguja kwa kidole mezani. Fatuma alikuwa akija asubuhi kutoka Vouvouni kulinda mlango wa sebule kama askari. Mume wa Hidaya akaacha kuja. Vyumba vya Mvouni vilitaka jibu.

Haikuwa elimu yangu iliyomaliza. Ijumaa moja, baada ya swala, nilimwambia Fatuma, "Basi na iwe nyumba, kama usemavyo. Tuingie tumsomee dada fatiha ndani ya nyumba yake, tumekaa, kama watu." Akaridhia. Hilo hakuweza kulikataa. Hidaya akaleta ufunguo. Tukafungua.

Fatuma aliingia mbele. Unajua magoti yake, hasimami muda mrefu. Akakiendea kiti cha kwanza, kina mabeseni. Cha pili kina chupa za chai. Akaenda kwenye kitanda, kitanda kimebeba masanduku. Akajaribu kuvuta kiti cha nyuma, kabati likatikisika na vikombe vyote vikapiga kelele, akakiacha haraka. Akazunguka, akageuka, akawa amesimama katikati ya viti vinavyotosha mtaa mzima na hana pa kukaa. Mimi nilinyamaza. Naapa, dada, hiyo ndiyo siku niliyofaulu kunyamaza.

Mwishowe alitoka hadi ukumbini, akatazama huku na huku, akaivuta mbuzi ya mama iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akakaa juu yake, upande upande, akiukwepa ulimi wa chuma. Tukasoma fatiha hivyo. Mimi nimesimama mlangoni, Hidaya ameegemea ukuta, Fatuma juu ya mbuzi. Tulipojipangusa nyuso kwa viganja, aliendelea kufunika uso wake. Nilidhani analia. Alikuwa analia na kucheka. Akasema, "Mwanaesha, Mwanaesha. Makochi yote haya, na mimi nakuombea dua juu ya kitu cha kukunia nazi." Kisha akamgeukia Hidaya: "Mwite mumeo. Aje na vijana wenye mabega."

Tulianza siku iliyofuata. Sikufichi tulichokikuta, maana hupendi kufichwa. Vile viti ulivyovivisha nailoni visipate vumbi, vumbi halikuvifika, lakini unyevu ulifungiwa ndani pamoja navyo. Kitambaa kilikuwa na ukungu wa kijani, kikaachana mikononi. Kabati la kwanza, lile la kabla ya chokaa kukauka, mchwa walikuwa wameingia kwa mguu wa nyuma na kula kimya kimya. Hidaya alikaa chini akalia. Akasema, "Mama aliniwekea, na mimi sikuwahi kulala hata kwenye kimoja." Nikamletea maji.

Vilivyokuwa vizima havikuuzwa. Hilo tulikubaliana, kwamba mkono wako ulitoa na mkono wako uendelee kutoa. Sahani za birikani zilikwenda msikitini, na sasa kila penye hitima mtaani watu wanakulia humo. Mabeseni yaligawiwa wanawake wa mtaa, na kama ulisikia ugomvi huko kaburini, ulikuwa ni huo, kila mmoja akitaka lenye maua. Mashuka Hidaya aliyabakisha kwa ajili ya kujifungua. Friji tulilitia umeme kwa mara ya kwanza, likanguruma kidogo, likafa. Mumewe analitumia kuwekea vitabu, panya hawaingii.

Kitanda kikubwa tulimpa Fatuma. Alikataa, akakataa, kisha akasema atakichukua "kukilinda tu." Tukakipakia kwenye gari la mizigo kwenda Vouvouni pamoja na meza yake ya kioo, yeye juu ya godoro kwa kuwa hakumwamini dereva. Njiani kulikuwa na kizuizi cha wale askari wa nguo nyeusi pamoja na mzungu wao. Wakatushusha. Wakataka kujua kwa nini nyumba za Moroni zinatoa vitu, kama kuna watu wanaojiandaa kukimbia jambo. Unajua siku hizi swali dogo linaweza kumlaza mtu mahali pasipofaa. Nikaeleza kwa Kifaransa changu cha darasani kwamba dada yangu amefariki na tunagawa vyombo. Mzungu akanyoosha mkono kufungua mtoto wa meza yenye kioo. Fatuma akampigia kelele kwa Kingazija kutoka juu ya godoro: "Mwambie asishike kioo, ana mafuta ya bunduki mikononi!" Askari mmoja mwenyeji akauma midomo asicheke. Mzungu akauliza mama huyu anasema nini. Yule askari akamwambia, "Anasema pole na kazi." Tukaachiwa. Fatuma alisoma dua mpaka Vouvouni, lakini kioo hakikuguswa.

Nimepita kwake juzi kabla ya kurudi huku. Wajukuu wanarukaruka juu ya kitanda. Nikamuuliza, ndiko kulinda? Akasema, "Wanalinda kwa zamu."

Sasa nikueleze nyumba yako ilivyo. Sebule ina mikeka, na dirisha la mbele, lililokuwa limezibwa na kabati, linafunguka. Upepo wa baharini unaingia na kutokea uani. Chumba cha pili ni cha Hidaya na mumewe. Asubuhi kabla ya kupanda Mvouni, kijana anakunywa chai ndani, si barazani. Mtoto amezaliwa katika nyumba yenu, wa kike, na jina wamempa lako. Ana sauti kama yako ya sokoni. Mchana wanawake wa mtaa wanaingia bila kubisha, na Hidaya, kwa kuwa nafasi ipo, anawasomesha wale waliokosa shule kuandika majina yao. Mmoja ni mtu mzima kuliko mimi. Nilikaa nyuma yao siku nzima, na kila nilipotaka kueleza kitu Hidaya alinitazama kwa jicho lako, nikanyamaza.

Ada ya Hidaya itakuwepo Mungu akipenda, lakini itakuwa ya watu watakaoweza kukaa. Mji utasema. Nimemwambia mji unasema hata nyumba ikiwa imejaa.

Juu ya lile neno, sijui bado, dada. Nimelifikiria leo kando ya kaburi lako. Ulilisema kwa mama wa Mutsamudu, kwa hiyo huenda ulilisema kwa maana yao: nyumba iwe nyumbani. Ulitabasamu, kwa hiyo huenda uliikusudia kambi. Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba neno lina maana yake na mtu achague moja aipigie mstari. Hili sikulipigia mstari. Nikiingia pale sebuleni nikamwona mtoto amelala mkekani na upepo unapita juu yake, sioni nichague nini.

Na mimi nina langu. Zaliha, nilipokuwa Moroni, alifungua yale masanduku yangu ya chini ya ngazi, ya magazeti na mitihani ya watoto ambao sasa wana wajukuu. Hakugusa kitu. Alinisubiri tu nirudi, akaniambia, "Karibu dagoni, mvuvi." Nakuahidi nitaanza kesho. Nakuahidi pia kwamba mjukuu wako nitamfundisha Kiswahili chetu, polepole, kabla wali haujapoa, ili pawe na mwingine wa kucheka neno hili nikishaondoka.

Lala, Mwanaesha. Lala usingizi ule wa kwetu, usio na mluzi. Kila Ijumaa nitakuja na kung'oa majani, na siku yangu itakapofika nitakuja mikono mitupu, kama tulivyotoka Unguja. Ila mbuzi usinitazamie nayo. Hidaya anaitumia.

Ndugu yako,
Mwalimu